Moshi wa Mama Mukwe

Jumapili moja ya Juni 1953, mtoto wetu wa kwanza, Godefroid, alikuwa abatizwe baada ya misa. Mke wangu Virginie alitangulia naye kanisani. Mimi nilikwenda Kasapa, pembeni ya mji, na lori la tajiri wangu, mchuuzi wa samaki, kumchukua mama mukwe. Alikuwa amefika kutoka Kasenga na kulala kwa mpwa wake, maana kwetu mama mukwe halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Hamsemeshi mukwe wake wala hamtazami usoni, mpaka siku mama huyo atakapompikia kuku na kumwalika ale mbele yake.

Kuku alikuja naye: tetea mweusi, mnene, miguu imefungwa kwa kitambaa. Lakini Virginie alikuwa amenionya. "Mama hajakata shauri. Ukimtunza vizuri, utakula. Vinginevyo kuku atarudi Kasenga."

Miaka miwili nilikuwa nikimkwepa mama huyu kila alipokuja mjini. Nilitamani kumwamkia kama watu wengine.

Akapanda nyuma, juu ya magunia, tukaondoka. Hatukufika mbali. Nilipopunguza mwendo kupisha watu wa misa, mashine ikatetemeka, ikazimika. Nikaiwasha, lakini kila nilipoondoa mguu kwenye gesi, ikazimika tena.

Nikashuka, nikainua kifuniko cha upande wangu. Mambo ya mota niliyasoma katika shule ya jioni, na nilifuata utaratibu: kwanza nikasafisha buji zinazotoa cheche, kisha nikakaza na kulegeza skrubu ya kabireta, inayochanganya petroli na hewa. Nikavuta gesi ya mkono, mashine ikanguruma vizuri, nikairudisha, ikakohoa; nikaivuta tena, nikaiacha ikinguruma. Kengele ya kanisa ilisikika kwa mbali.

Asubuhi za Juni zina baridi. Mama mukwe akashuka na kuku wake, akazunguka upande wa pili, akainua kifuniko cha huko ili aote joto. Vifuniko viwili vilivyosimama katikati vilitukinga tusionane. Kisha akawasha kiko. Simruhusu mtu kuvuta tumbaku karibu na petroli, lakini ningemkatazaje mtu nisiyeweza kumsemesha?

"Weye kuku," nikamsikia, "ule bwana alisema lori yake iko nguvu. Njo nguvu gani hii? Hata mbuzi ya kwetu ingefika ku misa."

Nikafikiri kidogo, nikaona hapana ubaya kusema na kuku. "Kuku, mwambie mama mashine inavuta hewa mahali nisipopaona."

Akavuta kiko.

"Kuku, angalia. Moshi yangu haipande juu. Inaingia pale chini, mu kale kampira. Ule bwana hana macho?"

"Kampira gani, kuku?"

"Kenye kuenda ku kioo! Mwambie ainame. Tumbo yake haiko bado ya bwana mukubwa."

Nikainama. Ulikuwa mpira mwembamba unaochukua mvuto wa mashine kuendesha kifuta mvua. Tangu mvua iishe sikuwa nimekitumia, na ukavu ulikuwa umeupasua kwa chini, karibu na ncha. Moshi wa kiko ulifyonzwa kwenye ufa ule kama uzi.

Nikakata kipande kilichopasuka, nikausukuma mpira mzima mahali pake, nikafunga waya. Nikarudisha gesi ya mkono. Mashine ikatulia, ikaenda polepole kama cherehani iliyotiwa mafuta.

"Kuku," akasema mama mukwe, "ule bwana ameamuka."

Tulimkuta padri bado anavaa. Mbele ya kanisa niliiacha mashine ikienda peke yake, kwa makusudi. Mama mukwe akasimama akaisikiliza, mgongo kwangu. Kisha akampa Virginie kuku, bila neno.

Jioni nikaletewa bukari, ugali wa kwetu, na yule kuku amepikwa. Mama mukwe akaketi mbele yangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Maamkio yote niliyoyatayarisha kwa miaka miwili yakanipotea. Tulikuwa tumezoea kusemezana kupitia kwa kuku.

"Kula basi, mukwe," akasema, akicheka. "Mukalimani wetu anapoa."