Kidato Kibichi

Mfagiaji wa mnara alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, ndoo mbili mkono huu, ufagio mkono ule. Mnara ulisimama kileleni mwa kilima kwa kumbukumbu ya marehemu mwenye kiwanda cha saruji kilichoko bondeni. Siku ulipozinduliwa, ngazi yake ilikuwa na vidato mia moja. Sasa vilikuwa mia na thelathini na tisa. Kila mfanyakazi wa kiwandani alipokufa kwa kifua, kidato kimoja kiliongezeka juu, na mnara ukarefuka kwa kiasi hicho. Ofisi ilimwongezea mfagiaji ndoo ya pili.

Cha mwisho kilikuwa cha jirani yake, mpakiaji mifuko aliyeitwa Kibonge. Vumbi lilimkondesha hata jina likampwaya. Mfagiaji alikisalimu kila asubuhi, akakipitishia ufagio polepole.

Jumatatu hiyo, juu ya Kibonge, alikuta kidato kingine, bado kibichi. Katikati palikuwa na alama ya mguu wa kulia, kidole cha mwisho kimempanda mwenzake. Mguu huo aliujua. Alikuwa ameukanda kwa maji ya moto miaka kumi na sita.

Aliacha ndoo, akateremka mbio hadi kwenye lango la kiwanda. Mlinzi akamwitia mumewe kutoka chumba cha kusagia mawe. Alitoka mzima, nyusi nyeupe kama za babu, akikohoa.

"Kuna nini, mama watoto?"

"Twende nyumbani."

"Zamu haijaisha."

"Kidato chako kimeshatoka."

Mume alirudi ndani kumaliza zamu. Jioni walipanda pamoja. Mume alivua kiatu, akauweka mguu kwenye ile alama. Ukaenea sawasawa.

"Hata hodi hawakupiga," alisema.

"Acha kazi, baba watoto. Nakushika miguu."

"Nani atanipokea na kifua hiki? Na nyumba yenyewe ni ya kiwanda."

Alijaribu kufunga kamba za kiatu, mkewe akamalizia fundo.

Kesho yake mume alikwenda zamu. Mfagiaji alikifunika kidato kwa magunia yaliyolowa, kisikauke. Mumewe aliposikia, alicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Saruji haigandi kwa jua, mama. Inaganda kwa maji."

Asubuhi mfagiaji aliyaondoa magunia yote.

Alhamisi msimamizi alipanda juu, akihema. Alikibonyeza kidato kwa ncha ya kiatu, kisha akakikagua kiatu.

"Hiki kitakauka lini? Jumamosi wajukuu wa marehemu wanaleta maua."

"Sijui, bosi."

"Basi jitahidi," alisema, akaanza kuteremka akishikilia ukuta.

Mfagiaji alipiga magoti, akapapasa. Kingo zilikuwa zimeshika. Katikati bado palibonyea kidogo, kwa hiyo akakaa hapo hapo, kiganja juu ya ubichi, mpaka king'ora cha kumaliza zamu kikalia bondeni.