Mbunge wa Viti Maalumu

Lusungu aliporudi Bujonde kutoka bungeni Dodoma, alimkuta mama yake akigeuza kakao juani.

"Redioni wamesema mmepitisha tozo ya kakao," mama alisema. "Wewe ulisemaje?"

"Nilisema ndiyo, mama."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mimi ni wa viti maalumu. Sikuchaguliwa na jimbo, chama ndicho kilichonipeleka. Nikikipinga kitanifukuza uanachama, ubunge utaishia hapo, na kiti atapewa mwenzangu wa chama hicho hicho."

Majirani walikuwa wameanza kujaa uani. Lusungu alitamani kujificha jikoni.

"Basi nao waambie hivyo hivyo."

Akawaambia. Hakuna aliyemzomea. Waliondoka mmoja mmoja bila kumuaga, naye akabaki amesimama, huku kikao cha bunge cha Jumatatu kikimngoja.