Zamu ya Kusukuma

Muuza mafuta alitembea kando ya gari, dumu begani, funeli mkononi, akimimina petroli bila kumwaga hata tone. Alikwishazoea. Gari la zimamoto la kujitolea lilikuwa halijasimama tangu wiki iliyopita, na alijua kwamba likifika mbele ya saluni lazima arefushe hatua, kwa sababu barabara inateremka.

"Shikamoo, mama," alisema kwenye dirisha la nyuma.

"Marahaba. Leo umechelewa," alijibu Shangazi kutoka kitandani.

Mji ulikuwa na gari moja tu la dharura, na lilifanya kazi zote mbili: juu tangi la maji na pampu, ndani kitanda cha mgonjwa. Dereva alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwita Breki kwa utani, kwa kuwa hakupenda kuzikanyaga. Msaidizi wake alikuwa msusi, mwanamke wa mabega mapana aliyeacha wateja na vichwa vilivyosukwa nusu kila simu ya dharura ilipolia. Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba yake Breki, na ndiye aliyemlea.

Ndani ya gari lile mtu hakufa maadamu magurudumu yalizunguka. Hilo walilijua kwa mshona viatu, ambaye njia nzima alikuwa akisimulia mechi ya mpira, na gari liliposimama mbele ya wodi ya dharura akakata roho kabla ya kumtaja mfungaji. Wodi ilikuwa imefungwa. Ilikuwa mpya, ina vitanda, ina mashine za moyo zingali ndani ya nailoni, na ina madaktari wawili walioajiriwa, ambao walishinda barazani wakicheza karata. Ilimsubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Mgeni rasmi alikuwa hajapata nafasi.

Kwa hiyo moyo ulipomkamata Shangazi akianika nguo, Breki alimpakia na hakusimama tena. Yeye na msusi walipokezana usukani gari likiwa mwendoni, mmoja akiingia kwa mlango huu, mwingine akitokea kwa ule. Ndugu waliokuja kumjulia hali mgonjwa walidandia kwenye mzunguko, ambako gari lilipunguza mwendo, wakateremka sokoni.

Alasiri, muuza mafuta alipokwisha kwenda zake, simu ililia. Karakana ya seremala ilikuwa inaungua, mwisho wa kichochoro kisichotokea popote.

"Kule hakuna pa kuzungukia," alisema msusi.

"Najua."

"Tukiingia tunasimama."

"Dada, si nimesema najua?"

Shangazi alikuwa amesikia. "Nenda ukasimame huko, mwanangu. Kuna watu wanaungua."

"Nikisimama unakufa, Shangazi."

"Kwani nimekuuliza hilo?"

Breki alikunja kona. Kichochoro kilijaa majirani wenye ndoo na beseni. Aliweka gia huru ili injini iendeshe pampu, akatoa kichwa dirishani. Msusi aliruka chini, akawasha pampu, akatupa mpira wa maji begani.

"Nusu yenu shikeni gari!" alipaza sauti. "Mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka nimalize! Lisisimame, lina mgonjwa!"

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwalimu alivua koti akashika boneti. Jamaa aliyekuwa akiokoa televisheni yake aliiweka chini akaenda nyuma. Gari likaenda hatua chache, likarudi hatua chache, kama kitanda cha mtoto anayebembelezwa. Kila lilipogeuza mwelekeo Shangazi alipoteza pumzi moja, kisha akaipata.

"We baba mwenye kofia," alisema kupitia dirishani, "unasukuma au unapapasa? Mwanaume mzima na mikono kama ya..."

Hapo akanyamaza. Wa mbele na wa nyuma walikuwa wanasukuma kwa pamoja, kwa nguvu sawa, na gari limesimama tuli. Midomo ya Shangazi ikaanza kugeuka rangi. Breki aligeuka akaiona.

"Wa mbele acheni!" alipiga kelele. "Acheni, jamani, acheni!"

Wa mbele wakaruka pembeni. Magurudumu yakazunguka.

"...ya bwana harusi," alimalizia Shangazi. Mwenye kofia akatia bidii.

Moto ulipozimika, ofisa afya wa manispaa alifika na viatu visafi. Kwa kuwa gari lilikuwa bado linasukumwa, ilimbidi atembee nalo, mbele kidogo, nyuma kidogo, akiongea na Breki.

"Mheshimiwa, naomba ufunguo wa wodi," alisema Breki. "Kwa leo tu. Huyu ndiye mama yangu."

"Ufunguo upo, kijana. Hata mfukoni ninao. Shida ni mgeni rasmi."

"Shida ni moyo wake."

"Nakuelewa kabisa." Aliupapasa mfuko, akauacha. Kisha akawageukia watu na kuwapongeza. Alisema ameona kwa macho yake kwamba wananchi wanaweza, na kwamba manispaa itapanga zamu ya kusukuma, kila mtaa na siku yake, ili kubana matumizi ya petroli. Mwalimu aliuliza kama sikukuu nazo zimo. Ofisa alisema zimo.

Seremala alitolewa karakanani kifua kimejaa moshi na mikono imeungua. Walimpandisha gari likitembea. Shangazi alijivuta ukutani kumpisha.

"Unakoroma?"

"Mke wangu anasema nakoroma."

"Basi tutajuana."

Breki aliingiza gia, watu wakaachia mikono, gari likashika barabara. Lilipita mbele ya wodi. Madaktari waliinua macho kwenye karata, wakapunga mkono, na Shangazi akawapungia. Seremala hakuwaona. Alikuwa amelala chali, akipima dari kwa jicho.

"Humu vinaingia vitanda vya ghorofa," alisema.

"Vingapi?"

"Vitatu kwenda juu. Watu wakiwa wembamba, vinne."

Shangazi naye aliitazama dari.

"Mimi sipandi ngazi," alisema. "Cha chini ni changu, tena kiwe upande wa dirisha."