Alama za Mkono Ukutani

Mafundi wenzake walimwita Timazi, kama ile kamba yenye chuma kizito mwishoni ambayo fundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa kwa sababu hakuwahi kusamehe ukuta uliolala, hata uwe wa nyumba yake mwenyewe. Alikuwa mkandarasi wa nyumba za kuishi, akijenga mpya na kukarabati za zamani, na cheti chake kilikuwa kinakaribia kuisha muda. Ili akihuishe, chama cha wakandarasi kilimtaka ahudhurie kozi moja ya kujiendeleza. Alitaka ile ya mapaa, akaambiwa imejaa. Iliyobaki na nafasi ilihusu kurekebisha nyumba kwa ajili ya wazee.

"Nitaenda kusinzia huko," alimwambia mumewe. "Chuma cha kushikia bafuni nacho kinahitaji kozi?"

Hakusinzia. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuhamia mambo ya majengo. Siku ile ya kwanza hakutaja saruji hata kidogo. Aliwagawia miwani iliyopakwa mafuta mazito, glavu nene, na maharage makavu ya kutia ndani ya viatu, ili waonje mwili wa mzee, kisha akawaambia waende msalani, wanawe mikono, warudi. Watu wazima wenye kampuni zao wakaanza kupapasa kuta za korido kama waliopotelewa na funguo. Bingwa mmoja wa ngazi za mbao alipofika kwenye vidato vya mwisho wa korido, aliketi chini akateremka kwa makalio. Walimcheka, mpaka zamu zao zilipofika.

Kilichomshangaza Timazi ni mkono wake. Ulikwenda ukutani wenyewe, bila kutumwa.

"Sasa mtafuteni mzee mnayemfahamu," mkufunzi alisema mwisho wa somo. "Nataka mjue anatokaje kitandani hadi anamaliza kuoga. Anashika wapi, anageukaje, anaogopa nini. Msiniletee mchoro kabla ya kuyajua hayo."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Mzee aliyemfahamu alikuwa baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Waliishi vizuri kwa adabu zao: salamu asubuhi, chai mezani, pole na kazi jioni. Lakini kumwuliza baba mkwe anaogaje? Akamtuma mumewe.

Mumewe aliingia chumbani kwa mzee na kutoka kabla hata mlango haujatulia.

"Nimemuuliza kama anaoga vizuri. Amesema vizuri."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka nimwombe anionyeshe?"

Mzee alipotoka kwenda kumtembelea jirani, Timazi alivaa ile miwani aliyoazima darasani, akasimama mlangoni pa chumba cha mzee na kuanza kutembea kuelekea bafuni. Mkono ukaenda tena ukutani. Akavua miwani aone umegusa wapi. Palikuwa na weusi hafifu kwenye rangi, usawa wa kiuno. Weusi huo aliujua. Kila alipopaka rangi korido ile aliwagombeza watoto kwa kuuchafua ukuta. Leo ndipo alipoinama kuutazama, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba watoto wake hawangeacha alama pana namna ile.

Akazifuata. Zilianza kwenye fremu ya mlango, zikaenda na ukuta, zikakatika, zikaibukia ukuta wa pili pale korido inapokata kona. Ndani ya bafu zilikuwa kwenye fremu, kisha sinki. Alipolitikisa sinki, likacheza. Baada ya hapo, hakuna kitu. Sehemu ya kuogea, yenye ukingo mrefu aliouvisha vigae vya buluu kwa mkono wake, haikuwa na alama yoyote. Alipiga magoti akachungulia pembeni, huku na huku.

"Umedondosha kitu, mwanangu?"

Baba mkwe alikuwa amerudi, kofia mkononi. Timazi akainuka, akasema kweli. Alimweleza habari za kozi, za maharage, za alama ukutani. "Nimekufuata mpaka kwenye sinki, baba. Hapo nimekupoteza."

Mzee alitazama vigae, akatazama kofia yake.

"Huko ndani siingii," alisema. "Nakaa kwenye kigoda cha kufulia, hapa karibu na sinki, najimwagia kwa kopo. Ule ukingo, mguu haupandi."

"Mbona hukusema?"

"Ulinijengea wewe. Na ulivyokuwa umevifurahia vile vigae..."

Mzee akaguna, kama mtu aliyechoka kusimama foleni.

"Sikiliza. Maisha yangu yote nimepima watu. Kiuno, paja, kwapani. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Lete futi."

Timazi akampima baba mkwe wake akiwa amevaa nguo zake zote, hatua kwa hatua, kutoka kitandani. Kisha akapigilia kipande cha mbao ukutani kama chuma cha majaribio, kwenye kimo walichofundishwa. Mzee alikishika, akakunja uso. Bega halikuinuka. Wakakishusha, wakakilaza mshazari kidogo, wakajaribu tena.

"Kwa nini bega?" mzee aliuliza. "Goti ndilo bovu, lakini bega linalia zaidi."

Timazi hakujua. Akamwalika aje amuulize mkufunzi.

Mzee alikuja darasani amevaa koti alilolishona mwenyewe. Mkufunzi alimshika bega, akaliinua polepole, akawaonyesha wote mahali linapokwama, akaeleza kuwa vipimo vya kitabuni vimetengenezwa kwa watu wengi, kisha wewe unamjengea mmoja. Mzee akauliza kuhusu nyonga. Akauliza kuhusu kizunguzungu cha kuinuka ghafla. Yule bingwa wa ngazi naye akaanza kuuliza, na chakula cha mchana kikapoa.

Timazi alivunja ukingo na vigae vyake vya buluu, akaisawazisha sakafu ikiteremkia kwenye mfereji wa kutolea maji, akafunga vyuma vya kushikia. Siku ya kwanza, yeye na mumewe walisimama koridoni wakijifanya wanazungumza. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha maji yakasikika, yakaendelea kusikika, na mumewe akaegemea ukuta akafumba macho.

Mzee alitoka na taulo shingoni. "Maji ya moto yanachelewa," alisema, akapita zake.

Kozi alifaulu, cheti kikahuishwa, na angeweza kukaa miaka kadhaa bila kukanyaga darasani. Lakini asubuhi moja baba mkwe alisimama nje na kikombe chake cha chai, akiutazama unyevu chini ya ukuta wa uani.

"Mwanangu, maji si hushuka? Haya yanapandaje?"

Timazi alijua kuyazuia. Alikuwa ameyazuia kwenye nyumba nyingi. Alichuchumaa kando ya ukuta na kuugusa kwa kiganja.

"Hilo sijawahi kujiuliza," alisema.

Mchana alipiga simu chamani kuuliza kama kuna kozi ya unyevu, na kama mtu anaruhusiwa kuja na mgeni.