Kutoka Juu ya Bati

... na kama ni kushuka angeshuka sasa hivi, angesema mkono umekufa ganzi, angesema bati linaunguza, uongo mtupu maana mvua ya jana imelipoza mpaka linateleza, lakini huko ndani mama mkwe anataka tamthilia yake, na mume wake kasimama dirishani, jicho moja kwenye runinga jingine kwenye paa, anapiga kelele, "Kushoto kidogo! Kushoto kwako, siyo kwangu!" na yeye kalikumbatia bomba la antena, macho kayafumba, si kwa kuogopa kuanguka, nyumba yenyewe fupi hii, mtu akianguka ataumia kucha, kayafumba kwa sababu akiyafumbua atauona, uwanda, ule utupu usio na mwisho, na leo hataki kuuona, leo ana jambo zito kichwani... "Sasa?" aliuliza, "Chenga tupu!" likaja jibu, na sauti ya mama mkwe nyuma yake, "Mwambie, yule wa kwenye tamthilia anaolewa sasa hivi na mimi nasikia sauti tu!"... jana pale posta anapofanya kazi, katikati ya vifurushi, bosi akitafuna kifuniko cha kalamu, "Mama, uhamisho wako umekubaliwa, ile nafasi ya kwenu milimani imepatikana, nipe jibu kesho kabla sijafunga ofisi, ukisitasita nampa mwingine," na kesho ndiyo leo, na mume wake hajui, hajui hata kwamba aliuomba, aliuomba mwaka jana kisha akaomba tena, kwa kujificha kama mwizi, na jana usiku alikaa naye mezani, akamwekea chai, akamsikiliza akisimulia mtaro uliomsumbua kutwa, akaondoa vikombe akaenda kulala... jibu analo, jibu ni ndiyo, ataenda, kinachomshinda ni namna ya kulisema.

Kwao macho yana pa kuegemea, ndivyo anavyojiambia kila asubuhi, ukiamka unafungua mlango na kilima kipo, kimekaa palepale kama baba mlangoni, unajua dunia inaishia pale na upande wa pili ni habari za watu wengine, lakini huku unafungua mlango na macho yanakwenda, yanakwenda, hayakuti kitu, yanarudi yamechoka... wiki ya kwanza ya ndoa aliliona ghala la nafaka, lile jeupe, akadhani ni pua na mdomo, akamwambia mama mkwe naenda mara moja nanyoosha miguu, akatembea, ghala likabaki na ukubwa uleule, akatembea, jua likapanda, ghala lilelile, mpaka mume wake akamfuata kwa baiskeli, akamkuta amekaa njiani kavua viatu analia kwa hasira, na mume wake alicheka mpaka akaiangusha baiskeli, "Bibie, lile ghala ni safari ya kubeba chakula!" na mtaa mzima ukalipata, hadi leo akienda sokoni wanamuuliza, vipi, umefika?... basi naye akapata pa kulipizia, siku mama mkwe alipokwenda kwao milimani kwa mara ya kwanza, aliweka sufuria uani, kifuniko kikabiringika mpaka kwa jirani wa chini, na usiku alilala kakanyaga ukuta kwa miguu miwili, anauliza gizani, "Nyie mnalalaje huku, hamporomoki?"... alicheka, hata sasa juu ya bati alicheka kidogo, kisha akajikaza, hana haki ya kucheka na watu anaotaka kuwaachia nyumba yao.

"Zungusha kulia sasa! Taratibu, usiivunje ya watu!" Ya watu ni ngazi, si antena, ngazi imeazimwa kwa fundi umeme maana hapa hakuna mwenye ngazi, nani apande wapi, watu wa hapa wakisimama juu ya kigoda wanashika ukuta, ndiyo maana tangu aolewe huku hajawahi kupanda juu ya kitu chochote kirefu kuliko kitanda, na leo mume wake ndiye aliyesema, "Wewe mtu wa milimani, damu yako imezoea, mimi nikipanda bati litalia," naye alipanda haraka haraka ili asimwangalie usoni... mume wake mtaani wanamwita Pimamaji, kazi yake ni kuzibua mitaro ya idara ya maji, kutwa nzima ndani ya matope akiangalia maji yanaelekea wapi, na maji hayaelekei popote, yamesimama, yanafikiri, "Huku maji hayateremki," anasema kila mara, "huku maji yanabembelezwa," na anajivuna kabisa akisema hivyo, kama kwamba huo usawa kaupiga randa yeye, na mwanzoni alimpenda kwa hilo, kwa mtu anayeona mteremko mahali ambapo hakuna, kisha akachoka, akachoka na matope mlangoni, akachoka na nchi isiyo na hata jiwe, kweli, hakuna jiwe, hakuna hata la kuzuia mlango usipigwe na upepo, lile la kunolea visu alilokuja nalo kwenye sanduku wanakuja kuliazima majirani wanalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga... "Bibie, unaelekeza wapi? Mnara uko upande wa mto! Fumbua macho, elekeza kwenye mto!" kajuaje kwamba kayafumba, huyu mtu, anajuaje mambo.

Akayafumbua... na kitu cha kwanza hakikuwa uwanda, kilikuwa mbingu, kubwa mno, imeshuka pande zote mpaka chini kabisa kama bakuli lililofunikwa juu ya sahani, na yeye katikati ya sahani, na ndani ya mbingu hiyo moja kulikuwa na hali za hewa tatu kwa pamoja, kule mvua imesimama kwa mguu mmoja, ya buluu, peke yake, kule jua linawaka juu ya mashamba ya mtu fulani aliyebahatika, na huku kivuli cha wingu kinatembea juu ya mashamba, kinapanda kwenye bati za shule, kinashuka, kinaendelea, hakuna wa kukizuia, Mungu wangu, alisema, kumbe kinatembea... "Umesemaje?" "Sijasema kitu!" ... na chini yake nchi, lakini si ile ya mlangoni, ukiwa mlangoni unaona mstari tu, mstari wa miti na mstari wa anga, toka hapa juu mstari umefunguka, una mapana, na maji ya mvua ya jana yamejaa kwenye vibonde ambavyo hajapata kujua kwamba ni vibonde, vinang'aa, vimepinda, upinde mmoja kule nyuma ya kiwanda cha matofali, mwingine unapita chini ya uwanja wa mpira, mwingine, mwingine, umekata katikati ya soko la ng'ombe ukatokea upande wa pili, mikunjo juu ya mikunjo mpaka macho yanaposhindwa, na akaelewa, hakuambiwa na mtu, akaelewa tu mwili ukamsisimka mpaka kwenye nywele, kwamba hizo zote ni njia za mto, mto umelala pale, umelala na kule, umejigeuza usingizini miaka na miaka, na kila ulipojigeuza umeacha alama ya mgongo, hakuna hata shamba moja, hakuna nyumba, hakuna posta, ambapo mto haujawahi kulala... na wenyewe uko wapi sasa? Akautafuta chini, maana mto ni kitu cha chini, kwao ukitaka mto unashuka mpaka magoti yatetemeke, akatafuta chini hakuuona, akainua macho, na ukawa pale, nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko, maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda polepole, juu, juu ya mashamba, juu ya milango, sawasawa na madirisha ya mtaa mzima, akaangalia tena labda macho yanamdanganya, akalinganisha na bati la jirani, hayamdanganyi, mto uko juu yao, umebebwa na tope lake wenyewe, umelimwaga na kulipanda, umelimwaga na kulipanda, na watu wako huku chini yake wanaanika nguo, wanapika, mama mkwe anasubiri harusi ya runinga, na mume wake kila siku anaingia mtaroni na koleo, chini ya mto mzima, anabembeleza.

"Hapo! Hapana, imepotea tena!" na woga ukamwingia, siyo wa kuanguka, woga mwingine, ule wa kuingia mahali pakubwa ukajikuta unavua viatu... na ile rangi, mbona ile rangi anaijua, siyo chai, ni nyekundu iliyochujuka, ni ile iliyokuwa inamchafulia soksi za shule mpaka mama akakata tamaa ya kuzifua, ni ya kwao, ni udongo wa kwao unapita pale nyuma ya tuta bila hodi, na akamwona marehemu baba amesimama ukingoni mwa shamba, kavaa gunia kichwani, mvua inampiga, jembe mkononi, anatazama korongo linavyokula matuta yake, mwaka baada ya mwaka anajenga matuta na mwaka baada ya mwaka yanakwenda, na anayafokea maji, "Nendeni! Nendeni, wezi wakubwa nyie!" kisha anamgeukia yeye mtoto, kwa sauti ndogo, "Hivi linakwenda wapi, shamba langu?" na walipokwenda kumzika shamba lilikuwa limebaki mifupa, mawe yametoka nje, mahindi yamesimama kwa vidole... ndiko anakotaka kurudi, kwenye mawe, na shamba lenyewe liko huku, kalikanyaga miaka yote hii, kalifagia mlangoni, kamkasirikia mume wake kwa sababu ya kuingia nalo ndani kwenye viatu, akacheka, machozi yakamtoka palepale akicheka, baba, limeonekana... na si la baba peke yake, la baba ni kiganja tu, mume wake aliwahi kumwambia walipochimba kisima cha ofisi waliteremsha mabomba, tope, mchanga, tope, konokono, tope tena, mpaka mabomba yakaisha na mwamba hawajaugusa, naye wakati ule alikuwa anachambua mchele, akasema aha, sasa ndiyo anasikia, tope lote lile lilitoka wapi kama si kwenye milima, milima mingapi, mirefu kiasi gani, iliyokuwepo kabla hajatokea mtu wa kuipa jina, yote imeshuka chembe kwa chembe ikaja kulala hapa, na yeye aliyekuwa analia kwamba hakuna mlima, kumbe kasimama juu ya yote, imelala tu.

Na watu wa hapa, aliowadharau kidogo, kwa siri, kwamba hawana haraka, sasa anaona haraka ya nini, mtu akitoka ghalani kuja huku unamwona angali nukta, mama mkwe akiona nukta anabandika maji, nukta ikiota miguu anatia majani, mgeni anafika chai imeiva, na hajawahi kukosea... na mtu akiondoka vilevile, huku hakuna kona ya kukatia, hakuna kilima cha kukuficha, mtu akikuacha anakuacha mchana kutwa, mume wake alimsimulia mara moja tu, wakiwa wamelala, jinsi baba yake alivyoondoka na baiskeli yeye akiwa mdogo, wakasimama na mama mlangoni, mtu akawa baiskeli, baiskeli ikawa nukta, nukta ikakaa, ikakaa, ikagoma kuisha, mpaka ilipoisha jua lilikuwa limeshageuka, na mama akaingia ndani akabandika maji... na yeye alitaka kumfanyia hivyo, kwa mara ya pili, kwa njia ya posta, na begi, na "nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi," alitaka kumsimamisha mlangoni amwone anapungua.

Siendi, alifikiri, na neno lilikaa kifuani bila kusukumwa, siendi, bosi ampe huyo mwingine, naye atafurahi, na si kwa huruma, huruma peke yake ingemtoa hapa baada ya miezi miwili, ni kwamba ameona, hawezi tena kusema hapa hapana kitu, na mtu hawezi kukimbia mahali ambapo ndiyo kwanza kapaona... lakini atamwambia mume wake, hilo ndilo gumu, atamwambia kwamba aliomba, mara mbili, huku akimwekea chai kila usiku, atamwambia leo, na hajui atakasirika vipi maana hajawahi kumwona amekasirika kweli, na kule mbali mvua ya mguu mmoja imeshalipita ghala na ghala limebaki jeupe zaidi. "Imekuja! Imekuja, safi kabisa, usiiguse!" alipiga kelele mume wake, na mama mkwe akapiga kigelegele, harusi imewahiwa, "Funga waya hapo ushuke, bibie, umetuokoa!" Hakushuka. Alikuwa bado kalishika bomba, macho yako kwenye mto. "Umesikia? Shuka, imeshika!"

"Nimesikia," alisema, "panda wewe."

"Mimi? Nifuate nini huko?"

"Panda tu, baba. Njoo ukae hapa, nina neno la kukwambia."