Dakika Mbili za Ukungu

Morris aliamini kwamba Voi nzima hakuna aliyemshinda kukata video. Watu walimletea harusi za saa tano kibandani kwake karibu na reli, wakaondoka nazo zikiwa za dakika moja. "Mtu anakupa sekunde tatu," aliwaambia. "Usipomshika kwa hizo, amekwenda." Alikata kwa macho tu, sauti ameizima, kwa sababu mwishoni humwaga muziki juu yake.

Ndivyo alivyoikata video ya baba yake.

Mama yake, Tryphena, ndiye aliyeirekodi kwa simu kule Mghange, mlimani, wiki chache kabla ya mzee Ronald kufariki. Sasa mwaka ulikuwa umetimia. Ibada ya ukumbusho ilikuwa kesho, na jamaa wasioweza kufika walitaka kitu cha kutazama. Morris mwenyewe alikuwa mmoja wao. Jumamosi ni siku ya kazi.

Jana saa sita mchana aliipakia kwenye tovuti yake ya kukatia. Akamwacha baba akipalilia maharagwe, baba akifuta jasho, baba akicheka. Kisha ukungu ulitelemka mlimani ukammeza baba, jembe na matuta yote. Dakika mbili za weupe mtupu. Akazikata bila kupepesa. Leo asubuhi akatuma kipande chake kwenye kundi la familia, akafuta kadi ya kumbukumbu aliyotumiwa na mama ikiwa na video nzima, apate nafasi ya kazi ya mteja.

Simu ikalia.

"Morris, hii ni video gani?"

"Ya mzee, mama. Umeona ilivyotoka safi?"

"Nimeona umemtoa baba yako."

"Mama, pale palikuwa peupe tu! Hakuna kitu."

"Hakuna kitu!" Akacheka kicheko kikavu. "Nyinyi watu wa Voi mnajua vumbi. Ukungu ukishuka shambani, sisi hufanya nini?"

Morris aliletwa Voi kwa shangazi yake akiwa darasa la kwanza, lakini jibu lilikuwa limelala ndani yake mahali fulani, likinuka udongo mbichi. Ukungu ukishuka, watu huitana. Matuta ya mlimani yana kingo za kuanguka mtu, na asiyeitika hufuatwa.

"Aliniita," mama akasema, sauti imeshuka. "Nimeshika simu, naye ananiita. Ndiyo sauti yake iliyonibakia, mwanangu."

Morris akaichomeka tena ile kadi. Kadi ilikuwa tupu. Tovuti nayo huhifadhi video ya mtu kwa saa ishirini na nne tu, kisha huifuta. Akatazama saa. Saa sita kasoro dakika nne.

Akaufungua ukurasa. Video ilikuwa bado ipo. Akabonyeza kuipakua. Asilimia kumi. Arobaini. Ikakwama. Yeye aliyezoea kutupa dakika za watu kama maganda ya ndizi, akaziomba hizi mbili kama mtu aombavyo mvua. Tisini. Mia.

Kwa mara ya kwanza akawasha sauti.

Weupe ukajaa kwenye kioo, ukamwagika hadi mezani, ukafunika nyaya na kuta za mabati. Treni ya mizigo ikapita nje asiisikie.

"Mama Morris! Uko wapi?"

"Niko huku!"

"Mama Morris!"

"Niko!"

Baba hakuonekana, ila kila mwito ulikuwa karibu kuliko uliotangulia. Na jina la Morris lilikuwa likielea ndani ya ule weupe, likitoka kwa baba kumwendea mama, kama mwenge wanaomulikiana nao.

Akazituma zile dakika mbili peke yake, bila muziki.

Sauti zikaanza kuingia kwenye kundi, mojamoja. Mable, kutoka Rukanga: "Niko huku, mjomba." Baba mdogo Donald, kutoka Bomeni, alikohoa kwanza. "Niko, kaka." Wengine walipumua tu, wakaachia hapo. Morris alizisikiliza zote mpaka mwisho, hata pumzi.

Ya mwisho ikatoka kwa mama. Ilikuwa fupi, na nyuma yake upepo wa Mghange.

"Morris! Uko wapi?"

Alikuwa tayari amesimama, kufuli la kibanda mkononi.

"Niko huku, mama," akaitika. "Nakuja."