Miguu Yote Miwili Chini

Mama Pacha alifeli mtihani wa pikipiki mara mbili. Mara ya kwanza aligonga koni ya tatu. Mara ya pili hakugonga kitu, ila mtahini alisema ameweka mguu chini kwenye kona, na mguu chini ni kosa. Mara ya tatu alizunguka koni zote taratibu, akasimama penye mstari, na mtahini akaandika "amefaulu" bila hata kumtazama usoni. Leseni ilipotoka aliitia kwenye mfuko wa kifuani wa sare yake ya unesi, na kila baada ya muda aliigusa kuhakikisha haijatoroka.

Leseni hiyo ilikuwa na kazi yake. Zahanati ilitaka nesi wa kuzungukia vijiji vya mbali na boksi la chanjo, na mganga mkuu alimwambia waziwazi: "Jumatatu saa mbili nikifungua ofisi nikukute na pikipiki yako, nafasi ni yako. Ukija mikono mitupu, nampa mwenzako." Miaka tisa Mama Pacha alikuwa akisukuma kitoroli wodini. Nafasi ile aliitaka kufa na kupona.

Na pikipiki alishaichagua. Ilikuwa ndogo, ya buluu, imesukumiwa pembeni dukani nyuma ya zile ndefu za kutamanisha watu. Alikwenda kuikalia mara nne. Kila akikaa, nyayo zake zote mbili zilitua sakafuni zikatulia. Muuzaji alikwisha kumzoea. Akimwona tu anaingia, anamfutia kiti vumbi. Ijumaa Mama Pacha alimpa mumewe akiba yake yote, akamtuma akailipie.

Jumamosi akarudi kutoka kazini, akakuta umati mlangoni kwake. Katikati ya umati limesimama dude jeusi, refu, tanki limevimba, utepe mwekundu kwenye usukani. Kando yake yupo mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, anachekelea mpaka jino la mwisho.

"Haya, mke wangu! Chombo chako hicho!"

"Ya buluu iko wapi?"

"Ile ya kuchezea watoto? Mke wa fundi apande kitu kama kile? Watu watanicheka!"

Watanicheka. Mama Pacha alilisikia neno hilo vizuri sana. Akiba ni yake, kazi ni yake, mtihani kafanya yeye, halafu anayeogopa kuchekwa ni mwingine! Damu ilimchemka, lakini majirani walikuwa wanapiga makofi. Akajikaza kisabuni, akapanda. Ncha za vidole vya mguu wa kushoto ziligusa udongo. Mguu wa kulia ukabaki unaning'inia. Akatia gia, akaenda kidogo, akataka kugeuza, na dude likalala ubavu pamoja naye.

Watu walicheka. Mumewe naye alicheka, na hilo lilimuuma kuliko goti lililochubuka.

"Utazoea," akamwambia, akimwinua. "Mpaka uzoee, nitakuwa nakupeleka mimi zahanati, halafu nashinda nalo. Kuna shida gani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Mwanamume huyu amejinunulia pikipiki kwa jasho la mkewe, akaifunga utepe, akaita zawadi.

Jumapili nzima hakumsemesha. Alipika, akala na mapacha wake, na sahani ya baba yao akaifunika mezani bila neno. Mumewe alijitia hamnazo, akashinda uani anapangusa dude lake kwa kitambaa ambacho Mama Pacha alikuwa akipangusia vyombo.

Jumatatu walitoka jua linachomoza, yeye nyuma, mume mbele, ametunisha kifua kama mwenye barabara. Kwenye njia panda askari wa barabarani akanyoosha mkono.

"Leseni."

Mume akapapasa mfuko huu, akapapasa ule. Mama Pacha alidhani ameisahau nyumbani.

"Afande, unajua, mimi nimeendesha miaka kumi na miwili..."

"Sijauliza miaka. Leseni."

Hana. Hakuwahi kuwa nayo! Miaka kumi na miwili ya kuazima pikipiki za marafiki, miezi mitano ya kumcheka mkewe kwa kugonga koni, na mwenyewe hajazunguka hata koni moja mbele ya mtahini. Mama Pacha alishuka.

"Basi pikipiki inakwenda kituoni," askari akasema, "labda kama kuna mwenye leseni hapa."

Ghafla sauti ya mume ikawa asali tupu. "Yupo, Afande! Mke wangu huyu! Mama Pacha, hebu mwonyeshe."

Akamwonyesha. Askari akasoma, akaitazama pikipiki, kisha akamtazama mwenye leseni kutoka juu mpaka chini. "Utaiweza hii, dada?"

"Kuiendesha siwezi, Afande. Kuisukuma naweza."

Na akaisukuma, akiwa na sare yake nyeupe, mpaka duka la pikipiki, jasho linamtiririka mgongoni. Mume alifuata nyuma. "Nipe nikusaidie basi." "Usiguse!"

Muuzaji ndiyo kwanza anafungua. Akampita Mama Pacha kwa macho, akamgeukia mume. "Karibu bosi! Chombo kinasemaje?"

"Sema na mimi," alisema Mama Pacha, akatoa kadi ya pikipiki chini ya kiti. "Jina hili la nani?"

"Lako, mama."

"Na sahihi hii?"

Muuzaji akamtazama mume. Mume akatazama matairi.

"Umeuza kwa jina langu mimi sipo. Na unanijua! Umenifutia kiti mara nne! Sasa chagua: unanibadilishia na ya buluu sasa hivi, au naipeleka kadi hii kwa yule askari pale njia panda."

Haikuchukua muda. Kwenye karatasi mpya alitia sahihi yake mwenyewe, akakandamiza kalamu karibu itoboe. Ilikuwa saa mbili kasoro robo.

"Sasa mimi nitafikaje karakana?" mume akauliza.

"Kwa miguu."

"Mbali kote kule?"

"Utazoea."

Akapanda ya buluu, akaondoka. Kwenye njia panda magari yalikuwa yanapita, akakamata breki, na nyayo zote mbili zikatua barabarani zikatulia. Askari yule yule akamtambua, akacheka, akampungia mkono apite.

Mama Pacha hakupita. Alifeli mara mbili kwa ajili ya leseni ile, akachekwa na mtaa mzima, na leo hata huyu anampitisha hivi hivi tu! Akafungua mfuko wa kifuani.

"Afande," akasema, "niulize leseni."